Ukurasa wa majina peke yake hautoshi

Wengi wanaorithi Biblia kuukuu ya familia hudhani hazina yote imo katika kurasa za majina, zile ambazo wachapaji wa Marekani waliziweka, mara nyingi kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, ili watu waandike waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Basi wanazikata, wanazitia laminesheni, na kitabu kinatupwa. Hapo ushahidi wa tarehe hizo unapoteza nguvu.

Mwaka wa kuchapwa umo kwenye ukurasa wa mwanzo wenye jina la kitabu. Biblia ikiwa ilichapwa mwaka 1842 na ndani yake kuna mtoto aliyezaliwa 1798, tarehe hiyo haikuandikwa siku alipozaliwa. Ilinakiliwa au ilikumbukwa baadaye. Mwandiko mmoja na wino uleule kwa miaka 40 hutia shaka hiyohiyo. Ukurasa wa mwanzo ukikosekana, tazama mwanzo wa Agano Jipya. Mara nyingi mwaka hurudiwa hapo.

Wajane wa askari wa Vita vya Mapinduzi, vita vya Marekani vya kudai uhuru kutoka Uingereza, walizichana kurasa hizi ili kuthibitisha ndoa na kudai pensheni, na baadhi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa, Washington. Wengi hawakuwa na hati nyingine ya ndoa. Leo kamera ya simu inatosha: piga picha jalada, ukurasa wa mwanzo na kila penye mwandiko, hata penye majina ya watumwa, ambao huenda hawakuandikwa popote pengine. Selotepu na laminesheni usiviguse kabisa. Gundi hutia madoa, na plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi haibanduki salama.