Nani anapewa hotuba, nani anapewa wimbo

Nikiletewa rasimu ya ratiba ya kongamano la uongozi, ujumuishi na utamaduni, sianzi na mada. Nachukua karatasi na kuigawa pande mbili: huku majina ya watakaozungumza, kule majina ya watakaotumbuiza. Kisha naangalia nani amejaa upande upi. Mara nyingi wakuu wa taasisi, wengi wao wanaume, wako kwenye hotuba. Wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na watu wa jamii zilizosahaulika wako kwenye ngoma, nyimbo na mashairi. Waandaaji wakihesabu vichwa wanaridhika kwamba kila kundi limo. Limo kweli, ila kazi yake ni kuwaburudisha wenye hoja.

Jambo hili lina historia. Tarehe 28 Agosti 1963 yalifanyika maandamano makubwa ya Washington, Marekani, ya kudai ajira na uhuru. Wanamuziki wawili wanawake, Mahalia Jackson na Marian Anderson, waliimba. Hotuba kuu za ratiba rasmi zilikuwa za wanaume. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee kwenye kamati ya maandalizi, alilalamika kabla ya siku yenyewe. Alichoambulia ni kipengele cha kuwaenzi wanawake wapigania uhuru, ambamo Daisy Bates alisema maneno machache akaketi. Huyu ndiye Bates aliyekuwa bega kwa bega na wanafunzi tisa weusi walipoingia shule ya sekondari ya wazungu mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, mwaka 1957. Kama kulikuwa na mtu wa kuzungumzia uongozi siku ile, ni yeye. Na waliopanga ratiba hiyo walikuwa wapigania haki, si maadui wa haki. Kwa hiyo mtu akiniambia kamati yake ina nia njema, namwamini, lakini karatasi yangu siikunji.

Dawa yake si kupunguza sanaa. Ninachofanya ni kuruhusu watu wavuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mfano ninaoupenda ni Evelyn Glennie, mpigangoma wa Scotland aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa bado mtoto. Hupiga akiwa pekupeku ili apokee mtetemo kwa miguu. Mwaka 2003, kwenye TED, mkutano maarufu wa hotuba fupi, alipiga na pia akaeleza mtu husikilizaje kwa mwili mzima. Mtu wa namna hiyo ukimpa wimbo tu, umeitupa nusu ya alichokuja nacho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unaligusa hili katika ibara ya 30: vipaji vyao vya sanaa na fikra vikuzwe, kwa faida yao na pia kwa kuistawisha jamii nzima.

Kwenye ratiba, kuvuka huko kunahitaji mahali. Onyesho likiwekwa kabla ya chakula, watu wanaangalia saa. Likiwekwa baada ya mgeni rasmi, nusu ya ukumbi imeondoka naye. Mimi naliweka mbele kabisa ya mjadala wa jopo, msanii anabaki jukwaani kama mwanajopo, na mwendesha mjadala anaelekezwa aanze naye. Hapo profesa analazimika kujibu kilichochezwa. Wengine hawapendi, na naona ni vizuri wasipende.

Tena hotuba ikirefuka, kinachokatwa siku zote ni ngoma. Ndiyo sababu nataka dakika za msanii ziandikwe kwenye ratiba kama za mzungumzaji, na malipo yake vilevile. Nimechoka na bajeti ambamo mtoa mada ana posho na msanii ana nauli na shukrani.

Wakalimani ndio wanaosahaulika kuliko wote. Wa lugha ya alama hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono. Mzungumzaji akisoma hotuba mbio, mkalimani hata awe hodari vipi ataanza kudondosha vipande vya maana. Wimbo na shairi ni vigumu zaidi: tamathali haikalimaniki papo kwa papo. Mashairi wapewe siku kadhaa kabla, na wafanye mazoezi pamoja na msanii, wakiwa wamesimama penye mwanga wa kutosha. Mara ngapi fundi taa huzima ukumbi mzima kwa ajili ya mandhari, na viziwi wote wakabaki gizani wasijue kinachoimbwa! Huyohuyo fundi aambiwe pia kwamba taa zinazowaka na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde zinaweza kumletea kifafa mtu mwenye hali hiyo.

Halafu kuna jukwaa lenyewe. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Jukwaa la sentimita 60 linahitaji njia ya zaidi ya mita saba, na la mita moja linahitaji mita 12. Urefu huo haupatikani asubuhi ya kongamano kwa kuegemeza ubao. Matokeo yake ni mzungumzaji kubebwa na vijana wanne mbele ya kamera, au kuhutubia akiwa chini wakati wenzake wako juu, na mada ni ujumuishi. Siku hizi fundi wa jukwaa namwita wiki ileile tunayochagua wazungumzaji, na jukwaa la juu nikilikuta nauliza kwanza kama tunalihitaji. Ukumbi wa watu mia mbili mara nyingi unatosheka na jukwaa la kimo cha kiganja, au bila jukwaa kabisa.