Onyo la njia iliyoachwa

Programu yangu hapa Dodoma husoma jumbe za mauzo ya nafaka kutoka Kibaigwa. Kila ujumbe ni mstari mmoja alioandika karani akiwa sokoni, na sarufi ya kuusoma nimeitunga mwenyewe. Mstari usiosomeka kabisa haunisumbui: unakataliwa, unarudishwa kwa mwenyewe. Kazi iko kwenye mstari unaosomeka lakini unatia shaka. Kuukataa ni kumchelewesha karani bure, kuumeza kimyakimya ni hatari. Unahitaji onyo.

Sarufi hiyo ni mkusanyiko wa kanuni, kila moja ikisoma sehemu yake ya mstari, kama bei au uzito. Mwanzoni nilikuwa naandika onyo humohumo ndani ya kanuni. Kanuni ya bei ikikuta nukta mahali pa mkato, kama 58.000, inaipokea na kuonya. Ikaenda vizuri mpaka ukaingia mstari huu:

mtama 1.250 kilo

Kichanganuzi, yaani sehemu ya programu inayosoma mstari kwa kufuata kanuni, kilianza na kanuni ya bei. Kikasoma shilingi elfu moja mia mbili hamsini, kikaonya, kikatafuta "sh", kikakuta "kilo". Kikarudi nyuma, kikajaribu kanuni ya uzito, kikapata kilo moja na robo. Jibu sahihi kabisa, lakini onyo limebaki, na karani akapigiwa simu kuulizwa kosa ambalo hakulifanya. Liliniuma. Mtu akizoea maonyo ya bure, hata la kweli hatalisoma.

Sasa kanuni haiandiki onyo popote. Inalirudisha pamoja na jibu lake. Kanuni ya juu inakusanya maonyo ya kanuni zilizofaulu tu, na njia ikiachwa, kama ile ya bei, inaondoka na maonyo yake. Utaratibu huu unafaa pia kwa uchanganuzi wa pakrati (packrat), alioueleza Bryan Ford mwaka 2002, ambapo kanuni ikiitwa tena mahali palepale haisomi upya, inachukua jibu lililohifadhiwa. Onyo lililoandikwa pembeni, likafutwa wakati wa kurudi nyuma, halitaandikwa tena. Lililofungwa kwenye jibu linakuja nalo.

Shaka nyingine husubiri mti ukamilike, yaani muundo wa mstari mzima uliokwisha kusomwa. "Saa 2" ni ya asubuhi au ya usiku? Kanuni ya saa haiwezi kujua. Muda ujumbe ulipoingia ndio unaosaidia. Na onyo lenyewe liseme limeamua nini:

mstari wa 7, herufi ya 18: "saa 2" haikutaja kipindi, nimechukua asubuhi

Herufi hiyo ya 18 ihesabiwe kwenye ujumbe kama ulivyoandikwa, kabla hujaondoa nafasi za ziada.