Mdogo wangu, acha kwanza themu (sura ya tovuti), niambie anwani zako

"Kaka, blogu yangu imelala. Nataka niisuke upya yote, ndiyo nianze tena kuandika." Ujumbe huu huingia kila likizo ya chuo inapoanza, majina tofauti, maneno yaleyale. Wiki hii umeingia tena, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Blogu yako haikulala kwa sababu ya themu. Ililala kwa sababu ulikuwa na mitihani, kisha field, kisha ripoti ya field, na mwandishi ni wewe peke yako. Themu haiandiki makala. Kitakachotokea nakijua: utakesha ukichagua rangi, utahama Blogger kwenda Jekyll, programu ya kutengenezea tovuti, kwa kuwa umeona video, utaandika makala moja ya "Karibuni kwenye tovuti yangu mpya", halafu chuo kitafunguliwa. Likizo ijayo makala hiyo bado iko juu kabisa, na wewe sasa unataka kuhamia Astro, programu nyingine ya namna hiyo.

Sikatazi kubadilisha mwonekano. Kama ukurasa hausomeki kwenye simu mpaka mtu aukuze kwa vidole viwili, rekebisha leo. Mara nyingi umesahau mstari mmoja tu wa viewport, ule unaoiambia simu ilinganishe ukurasa na upana wa kioo. Kama umebandika picha kumi na mbili jinsi zilivyotoka kwenye kamera ya simu, MB 3 au 4 kila moja, unamkatia mgeni karibu MB 40 za bando lake ili aone nembo ulizobuni. Zipunguze upana ufike pikseli 1200, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, imeisha. Hiyo ni kazi ya jioni moja na haidai tovuti mpya.

Kinachoniudhi ni anwani, yaani URL za makala zako.

Wengi wanadhani kusuka upya ni kubadilisha sura tu, na kwamba makala zikishahamishwa zote basi hakuna kilichopotea. Si kweli. Blogger huipa makala anwani yenye mwaka, mwezi na kichwa, na mwishoni .html, mfano /2021/03/kuanza-na-git.html. Ukihamia WordPress ukachagua anwani ya jina la makala pekee, inakuwa /kuanza-na-git/. Hujabadilisha hata neno moja la makala, lakini anayefika kwa anwani ya zamani anapokewa na 404, ujumbe wa kwamba ukurasa haupo. Na wenye anwani ya zamani ni wengi: Google wanayo, kundi la WhatsApp la darasa linayo, na iko kwenye CV uliyochapa ukazungusha maofisini kuomba nafasi. Karatasi huwezi kuisasisha. Mtu wa rasilimali watu akikutana na 404 hakupigii simu kukujulisha, anafungua bahasha inayofuata.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti wenyewe, aliyaandika haya mwaka 1998: anwani hazibadiliki zenyewe, ni watu wanaozibadilisha. Alishauri usiweke ndani ya anwani kitu ambacho kesho kitakuwa kingine, kama aina ya faili, jina la programu inayoendesha tovuti, au mada. Hapo kwenye mada ndipo wanafunzi wanapojiponza. Mwaka wa kwanza unaweka kila kitu chini ya /programu/. Mwaka wa tatu umegundua kwamba wewe ni mtu wa data, unahamishia zote /data/, na viungo vyote vinakatika siku moja. Tarehe ya kuandikwa, kinyume chake, haina shida, maana haitabadilika kamwe. Siwaelewi wanaouonea aibu mwaka ndani ya anwani.

Tena unaweza kuhama na anwani zako zilezile, jambo ambalo nikilisema watu huniangalia kama nimewaficha siri miaka yote. Kwenye Jekyll fungua faili la mipangilio, _config.yml, andika permalink: /:year/:month/:title.html, na muundo wa Blogger unabaki. Angalia tu kwamba Blogger hukata vichwa virefu, kwa hiyo jina la faili lifuate anwani ya zamani, si kichwa cha makala. Haya yote yanafaa kama domeini, yaani jina la tovuti, ni yako. Kama ulikuwa kwenye blogspot.com, ile blogu ya zamani usiifute. Iache pale na kiungo cha kwenda kwenye mpya juu kabisa ya kila makala.

Kama ni lazima anwani ibadilike, ielekeze. Tumia msimbo wa 301, si 302: ya kwanza inasema nimehama moja kwa moja, ya pili inasema nimetoka kidogo narudi. Netlify, wanaohifadhi tovuti mtandaoni, wanakupa faili la _redirects, mstari mmoja kwa kila anwani. GitHub Pages, wahifadhi wengine, hawalisomi faili hilo, na hapo utatumia plagini (kiongezo cha programu) ya jekyll-redirect-from, ambayo hutengeneza kijikurasa cha kumsukuma mgeni mbele. Hiyo si 301 halisi, lakini Google wanaielewa. Wao hushauri uelekezaji ukae angalau mwaka mmoja. Mimi nasema uache ukae, kwani unamzuia nani?

Halafu kuna ile plagini ya kupeleka kila 404 kwenye ukurasa wa mwanzo. Tafadhali. Msomaji alifuata makala ya Git, unamwangusha kwenye picha yako ya mahafali, na Google wenyewe huuhesabu ukurasa wa namna hiyo kuwa haupo. Afadhali 404 ya kweli yenye kisanduku cha kutafutia.

Potfolio, yaani tovuti ya kuonyesha kazi zako, nayo imebeba imani hiyohiyo, kwamba ikipendeza itakupatia kazi. Nikifungua potfolio ya mwanafunzi nabofya kwanza kiungo cha kuona kazi ikifanya kazi. Vingi vimekufa. Heroku, waliokuwa wakiendesha programu za wanafunzi bure kwenye seva zao, waliondoa mpango huo Novemba 2022, na mpaka leo nakutana na potfolio zenye uhuishaji wa kila aina huku viungo vikielekea huko. Penye seva ya bure inayolala, andika pembeni kwamba itachukua muda kuamka, au weka video fupi. Chini ya kila kazi eleza kilichokushinda, ulivyokitatua, na kama ilikuwa kazi ya kikundi, sehemu yako ni ipi. Kikokotoo na orodha ya mambo ya kufanya kila mtu anazo. Aya mbili kuhusu hitilafu iliyokunyima usingizi hana mwingine.

Kuhusu makala za zamani, zile za mwaka wa kwanza zenye msimbo (code) wa kutisha, sina msimamo. Kuna siku nasema ziache, kwa sababu anayesoma anaona ulikotoka. Kuna siku nafikiria yule msomaji mmoja tu mwenye haraka, ambaye ataangukia makala mbovu kuliko zote na kuondoka na picha hiyo. Kuzifuta kunarudisha tatizo la 404. Kuziandika upya kunafuta ushahidi. Siku hizi nashauri kuweka maelezo mafupi juu ya makala, kwamba njia hii imepitwa na wakati, na kiungo cha makala mpya. Nusu ya wenzangu wanaona ni kujidhalilisha, na kuna nyakati nawaelewa. Na mbele ya mwajiri asiyejua hata Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ni nini, labda haya yote hayana uzito.

Basi, kwa wewe wa wiki hii: kabla hujagusa chochote, fungua blogu yako ya Blogger, ongeza /sitemap.xml mwishoni mwa anwani, uhifadhi orodha itakayotokea. Kama ulishahama na umeshavunja, angalia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, na Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani, nyingi utazipata. Domeini nayo kagua inaisha lini, maana bei ya mwaka wa kwanza si bei ya kuhuisha. Nitumie orodha hiyo tuanzie hapo. Na hitilafu za npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, nitumie kwa maandishi, si kioo cha laptop kilichopigwa picha kwa simu.