Mgeni Hajakaa kwenye Kiti cha Mwenyeji

Wiki hii tena. Mkutano, jedwali moja ukutani la asilimia ya wanafunzi wa kigeni, na mhadhiri mmoja mkongwe akatangaza kwamba wageni wamewafukuza watoto wetu kwenye uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD). Nashughulikia takwimu za usajili wa wanafunzi wa utafiti, na kauli hiyo sasa naisikia hadi usingizini. Naandika ili safari ijayo nimtumie mtu kiungo, nisibishane.

Chukua mfano wa kubuni: wenyeji 60, wageni 40. Wenyeji 20 wakiona ajira inalipa kuliko posho ya utafiti na wasije, wageni wanakuwa nusu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeongezeka. Asilimia imepanda, mkongwe amekasirika.

Tena nafasi ya uzamivu si kiti cha basi. Huzaliwa msimamizi anapopata fedha, au mwanafunzi anapokuja na ufadhili wake. Na hata fedha za serikali huwekewa mpaka: Australia, kwa mfano, chuo hakiruhusiwi kutumia zaidi ya asilimia 10 ya ruzuku ya serikali ya mafunzo ya utafiti kwa wanafunzi wa kigeni. Na msiwachanganye watafiti na wageni wengine: Sweden ilipoanza kuwatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2011, uzamivu haukuguswa. Uingereza ilipozuia wanafunzi kuja na familia, Januari 2024, katazo hilo halikuwahusu wa uzamivu.

Sasa kinachonitoa jasho: waliopo si wapya. Nirudie? Waliopo si wapya! Uzamivu huchukua miaka mitatu, minne, na wengine wanausoma huku wakifanya kazi, basi hesabu miaka saba. Jumla ya mwaka huu ni mabaki ya udahili wa miaka kadhaa. Mipaka ikifungwa, kama Australia ilivyofanya Machi 2020 kwa sababu ya korona, wageni wapya hupungua papo hapo, lakini jumla hushuka taratibu, kwa sababu waliokwisha kuingia wanaongezewa muda maabara zikiwa zimefungwa. Rekta, mkuu wa chuo, anashangilia uthabiti. Kumbe anashangilia tasnifu zilizochelewa. Miaka mitatu baadaye, pengo linapojitokeza, analaumiwa aliyeingia ofisini jana. Nikiomba safu ya wapya iwekwe kando, naambiwa inachanganya watu.

Halafu kuna wanaohama safu bila kuhama dawati. Mgeni akipata ukaazi wa kudumu katikati ya masomo, kesho yake anaweza kuhesabiwa mwenyeji. Raia wa New Zealand huko Australia huhesabiwa mwenyeji tangu siku ya kwanza. Ujerumani ndiyo kabisa: wengi waliokuwa wakifanya uzamivu hawakuwa hata wamejisajili kama wanafunzi, na takwimu rasmi za wote zilianza kukusanywa 2017 tu. Mtu akikuletea mchoro wa nchi kumi kwenye mstari mmoja, mwulize amehesabu nini.

Lakini kuna jambo linaloninyima raha. Posho zinabaki chini kwa sababu yupo anayezikubali, na mara nyingi ni yule ambaye viza yake inategemea kuzikubali. Mwenyeji anaitazama posho hiyo, anakwenda zake kazini. Hakuna aliyefukuzwa, ila pia hakuna aliyeona sababu ya kumbembeleza abaki. Jedwali langu linahesabu waliojisajili. Asiyeomba kabisa hana safu. Mkongwe angeuliza hilo mkutanoni, ningenyamaza.