Rafiki au fikira? Ugumu uliojificha katika Zaburi 139:17

Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiswahili tunayofanya hapa Kampala pamoja na Wakongomani, Wakenya na askari wastaafu waliojifunza lugha hii kambini, mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa miaka mingi aliniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa Kiebrania hawajawahi kuniuliza. Nilikuwa nimefundisha Zaburi ya 139, na nilipofika mstari wa 17 niliusoma kama ulivyo katika Union, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili: "Mungu, fikira zako zina thamani nyingi kwangu, jinsi ilivyo kubwa jumla yake!" Mzee akasema kwamba ujanani mwake, katika sikukuu za mitume, waliuimba mstari huo kwa Kilatini, ila Kilatini hicho kilisema kwamba rafiki zake Mungu wameheshimiwa mno, wala hakikutaja fikira hata kidogo. "Sasa, mwalimu," akauliza, "nani alikosea, sisi au ninyi?"

Mzee hakuwa amekosea kukumbuka. Katika Biblia ya Kilatini zaburi hii huhesabiwa kuwa ya 138, na mstari huo una maneno *amici tui*, rafiki zako. Kilatini hicho kiliifuata tafsiri ya Kigiriki, iliyofanywa kabla ya Kristo, ambayo nayo inasema rafiki. Waliotafsiri hawakubuni jambo. Waliona mbele yao neno la Kiebrania lililoandikwa kwa konsonanti tupu, kwa maana alama za irabu ziliongezwa na waandishi wa Kiyahudi karne nyingi baada ya Kristo, na konsonanti hizo zinaweza kusomwa "rafiki zako" au "fikira zako" bila kubadilisha herufi hata moja. Tena neno rea, lenye maana ya rafiki au mwenzi, ni la kawaida sana katika Kiebrania. Ndilo lililomo katika amri ya Walawi 19:18 ya kumpenda jirani. Neno rea lenye maana ya wazo, kwa upande wake, ni nadra mno. Katika Agano la Kale lote kwa Kiebrania linapatikana mara mbili tu, na mara zote mbili limo katika zaburi hii: mstari wa 2 na mstari wa 17. Ndugu zake wa karibu wako katika Kiaramu, lugha ambayo sehemu ya kitabu cha Danieli imeandikwa, na humo mawazo yanayomfadhaisha mfalme huitwa kwa neno la mzizi huo.

Kwa nini basi nasema fikira, si rafiki? Sababu yangu kubwa ni mstari wa 2, usemao, "Umelifahamu wazo langu tokea mbali." Neno lililotafsiriwa "wazo" pale ndilo lile lile lililotafsiriwa "fikira" katika mstari wa 17, na hata Wagiriki, waliosema rafiki huku chini, kule juu walisema mawazo. Mtunzi ameliweka neno hili adimu mara mbili kwa makusudi, kama fundi anayeweka jiwe moja kwenye msingi na jiwe la rangi ile ile juu ya mlango. Mwanzoni Mungu ndiye anayelifahamu wazo la mtu, tena kutoka mbali, bila shida yoyote. Baadaye mtu anajaribu kuyafahamu mawazo ya Mungu, akiwa karibu kabisa, na anashindwa. Watafsiri wetu, kwa kutumia "wazo" mahali pamoja na "fikira" mahali pengine, wameuficha uzi huo. Siwalaumu, kwa sababu Kiswahili kizuri hupenda kubadilisha maneno, lakini msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba amepotezewa kitu.

Ugumu wa pili ni neno "thamani", na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kitenzi cha Kiebrania ni yaqar, na maana zake zinasogea kutoka uzito hadi bei, kutoka bei hadi heshima, na kutoka heshima hadi uadimu. Katika 1 Samweli 3:1, pale tunaposoma kwamba neno la Bwana "lilikuwa adimu siku zile", sifa iliyotumiwa ni ya mzizi huo huo. Sisi wa Uganda hatuhitaji kufundishwa jinsi maana hizi zinavyoshikana. Senene, panzi wale wanaoliwa, wakijaa mwezi wa Novemba kila mtu hula. Msimu ukipita, kikombe kile kile kidogo hulipiwa mara kadhaa, na mtoto akimwaga hata wachache huonywa kwa jicho kali. Kiganda kinakaribia zaidi, kwa maana omuwendo ni bei na pia ni idadi, kwa hiyo Mganda akisema kwamba mawazo ya Mungu ni ya muwendo, tayari sikio lake limeanza kuhesabu, na kuhesabu ndiko mtunzi anakokwenda katika maneno yanayofuata.

Lakini mzizi huo una upande mwingine ambao "thamani" haiufikishi. Katika Danieli 2:11 wenye hekima wa Babeli wanamwambia mfalme kwamba jambo analolitaka ni gumu, hakuna mwanadamu awezaye kulionyesha, na neno la Kiaramu wanalolitumia kwa ugumu huo ni la mzizi wetu. Ndiyo maana wataalamu kadhaa huusoma mstari wa 17 hivi: mawazo yako ni magumu kwangu, ni mazito, yananishinda. Usomaji huo unaungwa mkono na mtunzi mwenyewe, aliyekwisha kukiri katika mstari wa 6 kwamba maarifa hayo "yanishinda mimi". Je, tuchague thamani au ugumu? Mimi sioni ulazima wa kuchagua. Mtu aliyekabidhiwa kitu cha thamani kubwa kupita nguvu zake hukibeba kwa furaha na kwa hofu, na mikono yake hutetemeka kwa sababu moja tu. Mtunzi hapa hajapewa zawadi ndogo ya kutia mfukoni.

Nalisema hili kwa sababu mstari huu umegeuka kuwa maneno ya kubandika kwenye vioo vya teksi, na mahubiri yake siku hizi huwa ni kwamba Mungu hana kazi nyingine ila kuniwaza mimi. Tafsiri kadhaa za kisasa za Kiingereza zimesaidia kueneza usomaji huo kwa kuongeza maneno yenye maana ya "juu yangu". Katika Kiebrania, neno dogo li, yaani "kwangu", linakwenda pamoja na kitenzi: kwangu mimi yana thamani, au kwangu mimi ni mazito. Halisemi mawazo hayo yanamhusu nani. Kiswahili cha Union kimelinda jambo hili vizuri kuliko Kiingereza hicho, na sijui kwa nini wahubiri wetu hukiacha kilicho chao na kuazima kilichopinda. Ni kweli kwamba mistari iliyotangulia inazungumza juu ya mtunzi akiumbwa tumboni mwa mama yake, na juu ya siku zake zilizoandikwa "chuoni mwako", kwa hiyo yeye mwenyewe yumo ndani ya mawazo hayo. (Chuo hapo ni kitabu, kwa Kiswahili cha zamani, kijana mmoja darasani alidhani Mungu ana chuo kikuu mbinguni, na kicheko kilichukua muda kutulia.) Kuwamo ni jambo moja, na kuwa ndiye peke yake anayewazwa ni jingine.

Wengine huutafsiri mstari huu kwa msaada wa Isaya 55:8, "mawazo yangu si mawazo yenu", wakidhani ni jambo moja. Neno la Isaya ni jingine, machshavot, lenye harufu ya mipango na ubunifu wa fundi, na pale Mungu anazungumza na watu wanaoitwa warudi wasamehewe. Tuliache lisimame mahali pake.

Kinachobaki ni hesabu. "Jumla yake" kwa Kiebrania ni "vichwa vyake", kwa sababu kuhesabu watu katika Hesabu 1:2 ni kuinua kichwa, yaani kuchukua jumla yao. Na hivyo vichwa, asema mtunzi, vina nguvu, maana kitenzi kilichotafsiriwa "kubwa" hubeba nguvu na wingi kwa pamoja. Wagiriki, wakiwa na rafiki vichwani mwao, waliviona vichwa hivi kuwa mamlaka, na hivyo wimbo wa mzee ukaendelea kusema kwamba utawala wa hao rafiki umeimarishwa mno. Kosa moja la kusoma huzaa la pili, tena kwa utaratibu mzuri kabisa. Kisha, katika mstari wa 18, unakuja mchanga. Wanaopita Lwera kwenye barabara ya Masaka wameona mchanga ukihesabiwa kwa malori, nao huisha shimoni na kuacha maji. Mtunzi anahesabu kwa chembe, na anasema mawazo ni mengi kuliko hizo.

"Niamkapo nikali pamoja nawe", umalizavyo mstari wa 18, imewatatiza wengi, kwanza kwa sababu "nikali" ni "ningali" ya leo, na pili kwa sababu haionekani usingizi umetoka wapi. Wapo wanaopendekeza kukisoma kitenzi hicho kwa mzizi wa neno "mwisho", kwamba hata nikifika mwisho wa kuhesabu bado niko nawe. Pendekezo hilo ni la kiakili, lakini silihitaji, kwa maana usingizi umetoka kwenye hesabu yenyewe: mtu amehesabu mpaka amelala, ameamka, na yule aliyekuwa akihesabiwa mawazo yake hajaondoka.

Mzee alinyosha Biblia yake, akaniomba nimwandikie pembezoni kwa penseli jinsi ambavyo mimi ningesema, nami nikamwandikia: "Nami, ee Mungu, mawazo yako ni mazito kwangu kwa thamani, jumla yake ina nguvu kunishinda. Nikiyahesabu ni mengi kuliko mchanga. Naamka, na bado niko nawe." Akasoma mara mbili, kisha chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika *amici tui* na alama ndogo ya kuuliza.