Chukuigeum ni nini? Hela ya bahasha kwenye harusi za Korea

Chukuigeum ni ile hela taslimu mgeni anayoitoa kwenye harusi huko Korea Kusini, yani sio mchango wa kamati unaodaiwa miezi kabla, hii unaenda nayo mwenyewe siku ya siku ndani ya bahasha nyeupe, noti zikiwa mpya kama unazo.

Ukifika ukumbini, kabla hujaingia, unakuta meza mbili, moja ya kwa bwana harusi moja ya kwa bibi harusi, unaenda kwenye ile ya mtu wako. Bahasha kwa mbele ina maneno ya pongezi, jina lako unaliandika kwa nyuma kona ya chini kushoto, herufi zikishuka kwenda chini, alafu unasaini kitabu cha wageni, unakabidhi bahasha na unapewa tiketi ya chakula. Tiketi usiipoteze, ndo utakayoonyesha kwenye msosi.

Sasa kiasi. Wanapenda namba witiri, won (hela ya Korea) elfu 30, elfu 50, elfu 70, ukivuka hapo ni laki moja, mbili au tatu. Elfu 40 usithubutu, maana nne kwao inaitwa "sa" na neno la kifo linatamkwa hivyo hivyo. Mtu mnayejuana kikazi tu alikuwa anapewa elfu 50, siku hizi wengi wanatoa laki, rafiki laki au zaidi, na kama unaenda na mwenzio ongeza, mnakula sahani mbili.

Lakini kinachobeba yote haya ni daftari. Familia inaandika kila jina na kiasi alichotoa, alafu siku ukioa wewe au ukiozesha mtoto wanalifungua na kukurudishia kile kile, au na cha juu. Ndo maana wazazi wengi wanaihesabu hela hiyo kuwa yao, wao ndo wametoa bahasha kwa watu miaka yote. Inafanana na pumasi, desturi yao ya zamani ya kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwangu kesho kwako.

Serikali nayo imeingilia, sheria ya kuzuia rushwa iliyoanza 2016 iliwawekea watumishi wa umma, walimu na waandishi wa habari kikomo cha kupokea bahasha ya hadi laki moja, 2018 kikashushwa hadi elfu 50.

Usipoweza kwenda, kadi za kwenye simu siku hizi zinakuja na namba ya akaunti kabisa, tuma ila hakikisha jina lako linasomeka, maana kuna mtu anaandika.