Hakuna "kipima chembe" kimoja kwenye Voyager

Kila mara nikizungumzia Voyager 1 na 2, vyombo vya anga vya NASA, swali ni lile lile: kipima chembe chavyo kiliona nini? Kipi? Chembe zenye chaji hupishana mno kwa nishati, na hakuna kifaa kinachozimudu zote. Kikombe cha Faraday hushughulikia ioni (atomi zenye chaji) za upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe utokao kwenye Jua, kuanzia elektronivolti (kizio cha nishati ya chembe) 10 hadi 6,000 hivi: nyavu zenye volteji huzuia ioni dhaifu, zinazopenya hupimwa kama mkondo wa umeme. Miale ya kosmiki, chembe za kasi zitokazo nje ya mfumo wa Jua zenye mamilioni ya elektronivolti, huhitaji tabaka za silikoni zilizopangwa mfululizo. Nishati inayoachwa katika kila tabaka ndiyo hutambulisha kama ni protoni, heli au chuma.

Anayebisha akumbuke 25 Agosti 2012. Vipima nishati ya juu vya Voyager 1 vilionyesha chembe za ndani ya heliosfia (eneo linalotawaliwa na upepo wa jua) zikitoweka na miale ya kosmiki ikipanda. Chombo kimevuka mpaka wa heliosfia, sivyo? Haikuwa rahisi hivyo. Uga wa sumaku haukugeuza mwelekeo kama ilivyotarajiwa, na kikombe cha Faraday cha kupima plazima (gesi ya chembe zenye chaji) yenyewe kilikuwa kimekufa tangu 1980. Wataalamu wakabishana miezi na miezi. Kilichomaliza ubishi ni antena ya mawimbi ya plazima, isiyonasa chembe hata moja! Aprili na Mei 2013, msukosuko uliotokana na mlipuko wa Jua uliitikisa plazima ya huko, ikatetemeka kwa kilohezi 2.6 hivi. Masafa hayo hutegemea msongamano wa elektroni, na hesabu ikatoa takriban elektroni 0.08 kwa kila sentimita ya ujazo, kama mara 40 ya ndani ya heliosfia. Voyager 2 ilipovuka Novemba 2018 kikombe chake kilikuwa kizima, na hapakuwa na mabishano ya aina hiyo.

Kwa hiyo, ukiletewa grafu ya chembe, tazama kwanza ni ya nishati gani. Kabla ya hapo usiniambie "mionzi imeongezeka".

Maswali mengine ninayoulizwa ni mepesi. Vifaa hivi havipigi picha za chembe. Vinahesabu mipigo ya umeme na kupima mikondo. Plazima ya nyuzi 30,000 haiyeyushi chombo, kwa kuwa chembe zake ni chache mno kupasha chuma moto. Na vifaa vilivyozimwa 2025 havikuzimwa kwa uchakavu: umeme ndio unaopungua, wati 4 hivi kila mwaka. Mota inayozungusha kipima chembe za nishati ya chini cha Voyager 2 ilijaribiwa kwa hatua 500,000. Ilipozimwa Machi 2025 ilikuwa imepita milioni 8.5.